Samaki wa Msiba Hapimwi

Nimeolewa na mtu asiyeweza kusema uongo, na usidhani ninamsifu. Mke wa mwongo anajua la kufanya: kila anachoambiwa anakigawa nusu, anaamini nusu moja, maisha yanaendelea. Mimi nimekaa miaka ishirini na saba na Datius Ndyamukama, na katika miaka hiyo sijawahi kukuta neno la uongo katika daftari lake. Samaki wetu waliondoka kwa njia ya daftari hilo hilo.

Alianza kama karani wa mizani ya kahawa pale Kamachumu. Wakulima walimpenda kwa sababu kidole chake hakikugusa mizani, na wakubwa wake hawakumpenda kwa sababu hiyo hiyo. Vita vilipoanza, watu wa ng'ambo ya mto Kagera wakateremka Bukoba na magodoro vichwani. Akatafutwa mtu wa kugawa unga asiyeiba, wakamchukua mume wangu. Aligawa unga miezi mitano, akarudi nyumbani amekonda kuliko wakimbizi. Nikamuuliza, "Hata kibaba kimoja, waitu?" Akasema unga ule ulikuwa umehesabiwa. Nilikuwa na mwaka mmoja tu katika ndoa, nikapika ndizi zangu bila kitoweo, nikanyamaza. Siku hizi sinyamazi.

Baada ya vita akapewa kazi ya karani wa samaki katika mwalo wa Karutanga, pale ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki. Kila asubuhi alishuka kwa baiskeli, mizani ya kuning'iniza imefungwa nyuma kwa mpira, daftari ndani ya shati ili lisilowe. Mitumbwi ilipotoka ziwani alipima kila tenga na kuandika limekwenda kwa nani. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake yote, na aliifanya kwa heshima ambayo wachungaji wengine hawaipi madhabahu.

Mwaka 1989 dada yake Kokushubila akarudi nyumbani. Mumewe alikuwa amekufa kwa ule ugonjwa ambao wakati huo tulikuwa bado tunauita Juliana, jina la kitambaa cha magendo, kwa kuwa kuutaja kwa jina la hospitali kulitutia hofu. Alikuja na watoto wake watatu, na wanne wa mdogo wake wa kike aliyetangulia kufa. Kwa desturi yetu watoto ni wa ukoo wa baba, lakini kwa baba zao alikuwa amebaki bibi mmoja asiyeona. Basi tukamjengea wifi yangu nyumba ndogo ndani ya kibanja chetu, shamba letu la migomba, pembeni ya mibuni, na watoto saba wakajaa humo.

Kokushubila hakuwa mtu wa kukaa akilia. Mwezi wa pili tu alikuwa amewakusanya wanawake kumi na tisa pale mwaloni, kumi na mmoja kati yao wajane, wakajenga matanuri ya udongo ya kubanikia sangara. Walinunua wabichi asubuhi, wakawabanika kutwa, keshoye wakawapandisha sokoni Kamachumu. Alinitania kila siku. "Wifi, wewe unapika samaki kana kwamba amekukosea," aliniambia, huku ananyang'anya mwiko. Nilimpenda sana. Naliandika hili wazi kwa sababu nitakayosema mbele yanaweza kukufanya udhani vingine.

Halafu zikaja mashua za barafu. Zilitumwa na viwanda vya minofu, zilikuwa na injini, na zilinunua kila sangara aliyeelea bila kuuliza ukubwa. Wavuvi wakafurahi, na sikuwalaumu. Lakini matanuri ya Kokushubila yakaanza kulala baridi, siku mbili kwa wiki, kisha tatu. Mwaloni samaki wamejaa, na mama aliyezaliwa hatua mia mbili kutoka majini anarudi nyumbani na tenga tupu.

Mwaka 1992 tukaambiwa dawa ya shida hiyo ya samaki imepatikana. Mradi mmoja wa ziwa ulifungua ofisi Bukoba ili kupanga nani apate samaki kiasi gani, na mchumi wa mradi akaja Karutanga kufanya mkutano. Jina lake Shilogile, kijana wa Kisukuma, mpole, amevaa viatu ambavyo mchanga wa mwaloni ulivimaliza siku hiyo hiyo. Alisimama juu ya mtumbwi uliopinduliwa akatueleza, na alieleza vizuri.

"Mchukueni samaki mmoja," alisema. "Jiulizeni: kati ya mashua za barafu, akina mama wabanikaji na walaji wa vijijini, ni nani atakayefaidika zaidi akimpata? Huyo apewe. Kisha samaki anayefuata, hivyo hivyo, mpaka tufike mahali ambapo samaki wa mwisho ana faida sawa kwa kila kundi. Hapo tutaacha, na hakuna atakayesema ameonewa."

Kokushubila akanyoosha mkono. "Na utajuaje nani anafaidika zaidi?"

"Kwa kiasi anachochukua sasa, mama, na kwa bei anayokubali kulipa. Karani wenu atapima siku thelathini. Hesabu yake ndiyo itakayogawa, na mgawanyo utadumu miaka mitano."

Wanawake walipiga vigelegele. Jioni ile Kokushubila alikuja jikoni kwangu amechangamka kama aliyepata barua ya kuitwa kazini. "Kwa mara ya kwanza msomi ameuliza sisi tunachukua kiasi gani," alisema. "Na anayepima ni kaka yangu." Alikuwa amekwisha kupiga hesabu: wakitengewa hata samaki ishirini katika kila mia, watoto wote saba watakwenda shule na watakula.

Sasa lazima nieleze jambo ambalo Shilogile hakulijua, na sisi tulilijua mno hata hatukuona haja ya kumwambia.

Pale Karutanga, nyumba ikifiwa, mitumbwi yote inayotoka ziwani inatoa samaki kwa ajili ya msiba ule. Hapana anayeagiza. Nahodha anachagua samaki mzuri, si wa kutupa, anamweka kando juu ya majani ya mgomba, na wanawake wanamchukua kwenda kupikia waombolezaji. Samaki huyo hapimwi, hahesabiwi, hatajiwi bei. Kumpandisha kwenye mizani ni kama kumuuliza mfiwa msiba wake una uzito gani. Wageni waliotoka Mwanza na visiwani waliikuta desturi hiyo wakaishika. Nahodha Masalu, Msukuma wa kambi ya Goziba, ndiye aliyeishika kuliko wenyeji. Alipofika na samaki wa msiba alisema maneno mawili tu: "Karani, geuka." Na Datius aligeuka. Alishusha mizani, akawapa mgongo, akatazama mlimani mpaka samaki apite. Kisha akageuka tena na kuendelea kupima.

Katika siku zile thelathini za mchumi tulizika watu ishirini na sita.

Hebu fikiri. Ishirini na sita katika kata tatu zinazokula kwa mwalo ule, na kila msiba una siku zake. Kila asubuhi Masalu na wenzake walisema "Karani, geuka," na kila asubuhi karani aligeuka. Mashua za barafu zilikuwa zimepandisha bei, wanakijiji hawakuweza tena kununua, kwa hiyo samaki waliopanda vijijini mwezi ule karibu wote walikuwa wa misiba. Juu ya hayo, mwanamke aliyefiwa haendi kubanika. Wifi yangu na wenzake waliwasha matanuri siku tisa tu. Siku zilizobaki walikuwa misibani, wakipika samaki ambao daftari halikuwaona.

Datius aliandika alichopima. Jioni ya siku ya thelathini alijumlisha mara tatu, akapiga mstari kwa rula, akatia sahihi. Nilimwona. Alikuwa ameridhika kabisa.

Ripoti ya kwanza ililetwa baada ya miezi miwili ili tuitolee maoni. Datius aliisoma mezani, halafu akairudia, halafu akanisogezea. Katika ukurasa wa kumi na moja niliyasoma haya kwa macho yangu: "Wakazi wa vijiji vya mwambao hawana mwelekeo mkubwa wa kula samaki, na wabanikaji hufanya kazi kwa vipindi tu." Niliipiga karatasi mezani. Sisi! Tumezaliwa juu ya ziwa, tunaambiwa hatupendi samaki!

"Wewe ulimwandikia nini huyu mtoto?" nilimuuliza mume wangu.

"Niliandika kweli."

"Na samaki wa msiba?"

Akaniangalia kama niliyetamka tusi. "Mama Josia, ungetaka nimpime?"

Nilitaka kusema ndiyo. Ila hata mimi, kwa hasira zangu zote, nisingesimama na mizani mbele ya samaki anayekwenda kwa mfiwa. Asingefanya hivyo mtu yeyote aliyelelewa kwetu. Ndipo nikaona jinsi tulivyonaswa, na nikamwambia avae shati safi, tunakwenda Bukoba. Nilikwenda naye kwa kuwa nilijua akienda peke yake atarudi na neno la asante.

Tulilala kwa binamu yake Hamugembe, na saa mbili asubuhi tulikuwa ofisini kwa mradi. Shilogile alitupokea vizuri, akaagiza chai. Datius alieleza yote, taratibu, bila kujitetea. Kijana alisikiliza mpaka mwisho, akasugua uso kwa viganja.

"Mzee Datius, nakuamini," alisema. "Lakini samaki huyo hakuuzwa. Na samaki asiye na bei, katika hesabu yangu ni samaki asiyetakiwa na mtu."

Nikashindwa kuvumilia. "Mwanangu, kwenu watu wakifiwa mnachinja nini?"

"Ng'ombe, mama."

"Ng'ombe huyo ni bei gani?"

Aliweka kikombe cha chai chini. "Huyo hana bei."

"Kumbe unaelewa!"

"Mimi naelewa, mama. Fomu ndiyo haielewi."

Sitamsingizia, alijaribu. Alisema yuko tayari kuazima bei ya sokoni na kumvisha samaki wa msiba. Akamwomba Datius ataje misiba ya siku zile thelathini na mitumbwi iliyotoa samaki kila siku. Datius hakuwa na daftari la hayo, lakini alikuwa na kichwa. Akaanza kuwataja mmoja mmoja: fundi baiskeli wa njia panda, mke wa mwalimu mkuu, mapacha wa Muhidini, mzee Buberwa na mwanawe aliyemfuata baada ya siku nne. Shilogile aliandika. Alipofika jina la kumi na tano aliacha kuandika majina, akawa anaweka alama tu. Tulipomaliza ilikuwa saa sita na nusu, na hesabu ilionyesha kwamba samaki wa misiba walikuwa wengi kuliko wote walionunuliwa na wabanikaji na vijiji kwa pamoja.

Nilianza kushangilia moyoni. Nilimwona Kokushubila amesimama mbele ya matanuri kumi na tisa yanayofuka moshi.

"Limebaki jambo moja," alisema Shilogile, na alisema akiangalia meza. "Mpango ni wa miaka mitano. Kamati ya mradi haitatenga samaki kwa jambo lililotokea mwezi mmoja likapita. Wataniuliza kama misiba hii itaendelea." Akatoa karatasi nyingine. Ilikuwa na kisanduku kimoja, na juu yake imeandikwa: idadi ya misiba inayotarajiwa, kata tatu, miaka mitano. "Zidisha kwa kumi na mbili, kisha kwa mitano, utie sahihi. Ripoti nitaifunga saa tisa. Kesho kamati inakaa."

Tulitoka na karatasi ile tukakaa kwenye ngazi za ofisi. Kuzidisha hakukumchukua Datius muda hata wa kukohoa. "Elfu moja mia tano na sitini," alisema. Akashika kalamu. Akaiweka. Akaishika tena.

"Andika," nilimwambia.

"Ninamwandika nani?"

"Humwandiki mtu. Ni tarakimu."

"Ni watu, Mama Josia. Wale ishirini na sita nimewataja kwa majina, wote wamekwisha kufa, hilo ni kweli na ninaweza kulitia sahihi. Hawa elfu moja na zaidi wako hai. Wako huko nyumbani wanalima. Nikitia sahihi, nimesema watakufa, na nimesema ninawahitaji wafe ili samaki watoshe."

Nilimkasirikia. Nilimwambia kwamba ugonjwa hausubiri sahihi yake, na kwamba kuna watoto saba ambao kitoweo chao kimo katika kisanduku kile. Nikamwambia ni mwoga. Nilisema maneno mengine ambayo sijayaombea msamaha mpaka leo, na watu waliopita barabarani walitutazama.

Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akanipa kalamu. "Basi andika wewe. Mimi nitatia sahihi."

Nikaweka karatasi gotini. Niliandika moja, nikaona ni rahisi. Nilipotaka kuandika tano nikasikia kikohozi cha wifi yangu, kile cha alfajiri, ambacho kilianza wakati wa mvua za vuli, na ambacho mimi na Datius hatukuwahi kukizungumza hata kitandani. Nilikuwa najua. Datius pia alikuwa anajua. Katika watu wale elfu moja mia tano na sitini kulikuwa na mmoja niliyemfahamu sauti yake, na alikuwa ndiye tuliyemfuatia samaki.

Nikaifuta ile moja kwa kidole na mate mpaka karatasi ikachubuka. Nikamrudishia kalamu.

Saa tisa kasoro Datius aliweka kistari kidogo ndani ya kisanduku, kama wanavyofanya makarani pasipo na la kuandika, akatia sahihi chini yake. Shilogile alipoiona hakutulaumu. Alisema tu, "Mzee, kamati watalisoma hili kama sifuri." Datius akasema anajua. Tukapanda gari la Muleba, kila mtu na dirisha lake.

Mgawanyo ulisomwa mwaloni siku kumi na tisa baadaye. Katika kila samaki mia, mashua za barafu tisini na mmoja, wabanikaji sita, vijiji watatu, kwa miaka mitano. Masalu alitema mate mchangani akaondoka kabla msomaji hajamaliza. Wanawake walichukua matenga yao wakapanda mlima, kwa sababu siku hiyo pia kulikuwa na mazishi.

Kokushubila alikuja nyumbani jioni. Hakunitania. Aliketi kwenye kiti cha mlangoni, akasubiri kikohozi kimwachie, akamtazama kaka yake.

"Kaka, mlikwenda Bukoba. Walikataa?"

"Hawakukataa," Datius alisema.

"Sasa?"

Hapo ndipo mume wangu alipozidi kunichosha, kwa maana alimwambia yote. Mtu mwingine angesema wakubwa wamekula hongo, na nusu ya mwalo walikuwa tayari wanasema hivyo. Yeye alimwambia habari ya kisanduku, idadi, na kistari. Mimi nikaongeza kwamba nilishika kalamu nikashindwa, maana sikutaka abebe peke yake.

Wifi yangu alifinya kona ya khanga.

"Mlishindwa kwa nini?" aliuliza. Akatutazama mmoja baada ya mwingine, na sisi tukatazama chini, na nadhani alisoma jibu hapo. "Maawe," alisema polepole. "Kumbe mlinionea haya mimi."

Datius alianza kuinuka, naye akamwashiria akae.

"Mnadhani sijui? Nimemuuguza mume, nimemuuguza mdogo wangu, nikose kujua ninachokohoa?" Hakupandisha sauti, na ningependa angepandisha. "Miaka mitano. Kokuberwa wangu ana minne, atakuwa na tisa. Huyu mkubwa atakuwa anamaliza la saba. Hao watakuwa hapa, wifi, na watakuwa na njaa, na watakuwa wanakula kwako. Mngeandika. Mngeanza na mimi, mkaandika jina langu zima, na la baba yangu, kisha mkatia sahihi."

Datius alifunika uso. Mimi niliinuka nikaenda jikoni, kwa kuwa watoto saba walikuwa wameanza kukusanyika mlangoni na sahani zao, nikawapakulia ndizi na chumvi.